Ruhusa ya Kujenga: Lini Yatakiwa na Lini Haitakiwi

Kila msimu wa karafuu umalizikapo, na majamvi yakisha kukunjwa, wanachama wetu wengi huwa na shauri moja vichwani mwao, nalo ni nyumba. Mwenye nyumba mjini hutaka kuiongeza chumba. Mwenye kiwanja hutaka kuanza msingi. Na yule ambaye paa lake limevuja masika nzima huona kuwa sasa ndio wakati. Shauri hilo ni jema wala hatuna la kulipinga, maana fedha ya karafuu ikikaa mfukoni haina umri mrefu.

Lakini wamekuja ofisini petu wanachama kadha wa kadha ambao hawakuja kwa habari ya karafuu. Wamekuja wameshika mkononi barua ya kusimamisha ujenzi, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kuyatia mapato ya msimu mzima katika saruji na nondo. Wote walitwambia neno moja: "Sikujua kama jambo hili lataka ruhusa." Kwa hiyo tumeona yafaa tulieleze hapa kwa urefu kidogo, ili mwanachama ajue kabla hajampa fundi fedha ya kwanza.

Jambo la kwanza la kujua ni hili: kumiliki nyumba ni jambo moja, na kuruhusiwa kuijenga au kuibadili ni jambo jingine. Wengi wetu huchanganya mambo haya mawili. Mtu husema, "Nyumba yangu, hati ninayo, marehemu baba aliijenga kwa mkono wake, nani wa kunizuia?" Hati yaonyesha kuwa una haki juu ya mahali pale. Haisemi kuwa unaweza kuweka ghorofa ya tatu, wala kuziba kichochoro, wala kuchimba karo la choo dhaa nne kutoka kisima cha jirani. Katika visiwa vyetu, tangu sheria ya ardhi ya 1992, ardhi yote ni ya umma chini ya dhamana ya Rais, na sisi raia hupewa haki ya kuitumia. Ruhusa ya kujenga hufuata baada ya haki hiyo, nayo huombwa mbali.

Wala si jambo jipya. Mji wa Unguja ulitengenezewa ramani ya mipango mwaka 1923 na Bwana Lanchester, Mwingereza, kisha ikaja sheria ya mipango ya miji na vijiji ya 1955, na ramani ya Bwana Kendall mwaka 1958. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Wajerumani wa Mashariki walitoa yao mwaka 1968, na Wachina wakatoa yao mwaka 1982. Ramani nne katika miaka sitini! Mwanachama mmoja mzee alipoona hesabu hiyo alitwambia kuwa mji uliochorwa mara nne ungalikuwa umenyooka kama mstari wa mikarafuu, na hatukuwa na jawabu la kumpa. Hata hivyo shabaha ya zote ilikuwa moja: njia ya watu isizibwe, maji machafu yapate pa kwenda, moto usiruke kutoka paa moja hadi jingine, na nyumba isimwangukie aliye ndani wala apitaye nje.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe, na tuanze na Mji Mkongwe, maana hapo ndipo wenzetu wengi walipojikwaa.

Mji Mkongwe una mamlaka yake, iliyoundwa mwaka 1985, na sheria yake ilifanywa upya mwaka 2010. Tangu mwaka 2000 mji huo umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, pamoja na eneo la pembezoni linaloukinga. Kwa hiyo mwenye nyumba ndani ya mipaka hiyo yampasa aombe ruhusa hata kwa kazi ambazo mtu wa mahali pengine angezifanya bila ya kumwuliza mtu. Kubadili dirisha la mbao kwa la chuma au alumini, kuondoa mlango wa nakshi, kubomoa baraza ya nje, kuziba daka, kupiga lipu mpya upande wa barabarani, kuweka paa la namna nyingine, kuongeza chumba juu, kugeuza nyumba ya kukaa kuwa nyumba ya wageni au duka: yote haya yana ruhusa zake. Hata wikio, kile chumba kinachopita juu ya kichochoro kuunga nyumba mbili, usikiguse kabla ya kuuliza, kwa kuwa huenda kimeshikilia kuta mbili na si zako zote.

Kwa nini ukali wote huu? Wengine hudhani ni kwa ajili ya watalii tu. Sivyo. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo na chokaa, na kuta zake ni nene, nusu mita na zaidi. Sakafu zake zalala juu ya boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu: boriti ndiyo iliyopima upana wa chumba, wala si mwenye nyumba. Ukuta wa namna hii hunywa maji na kuyatoa tena kupitia chokaa. Ukiupiga lipu ya saruji, yale maji hukosa pa kutokea. Hubaki ndani, huyeyusha udongo ulioshika mawe, hupanda hadi kwenye vichwa vya boriti mle ukutani, na boriti huoza pale pale pasipoonekana. Kwa nje nyumba yapendeza, nyeupe kama yai. Kwa ndani yaliwa.

Tutaeleza kisa cha mwenzetu mmoja, ambaye ametupa idhini tukieleze kwa sharti tusimtaje. Yeye ana mikarafuu yake Pemba, na pamoja na ndugu zake watatu alirithi nyumba ya ghorofa mbili Mji Mkongwe. Msimu mmoja ulikuwa mzuri, akataka kuweka chumba kimoja juu pamoja na choo, na tangi la maji juu ya choo, apate kumpangisha mtu na kodi isaidie matengenezo. Alikwenda kwenye ofisi moja, ambayo hatuitaji, akamkuta karani, naye karani akamwambia kwa mdomo, "Chumba kimoja tu? Anza, baadaye utaleta karatasi." Alianza. Mafundi waliondoa bati, wakaweka matofali ya saruji juu ya ukuta wa zamani, wakamwaga zege juu ya boriti.

Hebu tupige hesabu ya uzito, maana hapa ndipo kilipo kiini cha jambo. Maji lita 1,000 ni kilo 1,000, yaani tani nzima. Zege la mita moja ya ujazo ni kama kilo 2,400. Sakafu ya chumba cha mita 3 kwa mita 4, yenye unene wa sentimita 10, ni zaidi ya mita moja ya ujazo, basi yakaribia tani 3. Ongeza matofali, ongeza tangi, ongeza na watu. Mzigo huu wote uliwekwa juu ya boriti ambazo hapana aliyezitazama vichwa vyake kwa muda wa miaka mingi, na juu ya ukuta ambao nusu yake ni ya jirani. Katika wiki ya tatu jirani aliona ufa chumbani kwake, mwembamba kwanza, kisha akaweza kuingiza kidole. Alishtaki. Wakaguzi walikuja, kazi ikasimamishwa, na yule karani alipoulizwa akasema hakumbuki kuwa alisema neno lolote. Mwenzetu hakuwa na waraka hata mmoja wa kuonyesha.

Ilimbidi abomoe alichokijenga kwa gharama yake, tena amlipe jirani matengenezo ya ukuta. Lakini mafundi walipofunua sakafu ya zamani walikuta boriti 5 upande wa mtaani zimeoza hadi kuwa unga. Laiti lile tangi lingalijazwa maji, twaogopa kusema lingalitokea nini, kwa kuwa chumba cha chini ndicho walichokuwa wakilala watoto. Mwenyewe alitwambia kuwa alimchukia sana yule jirani kwa mwezi mzima, na sasa humpelekea karafuu na mkungu wa ndizi kila atokapo shamba.

Hatusemi haya kwa kuwatisha watu. Sote twakumbuka siku ya 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka huku ikifanyiwa matengenezo, na watu wawili wakafariki. Jengo lile lilijengwa mwaka 1883 na lilikuwa na mafundi na wataalamu. Nyumba ya mtu binafsi, yenye fundi mmoja na vibarua wawili, haina budi kutazamwa kwa uangalifu zaidi kabla ya kuguswa.

Nje ya Mji Mkongwe mambo ni mepesi kidogo, lakini ruhusa iko pale pale. Ng'ambo na mitaa yote ya mjini na Magharibi iko chini ya mabaraza ya manispaa, na huko Pemba miji ya Chake Chake, Wete na Mkoani ina mabaraza yake ya mji. (Tafadhali msichanganye baraza hili na lile la kuzungumzia mlangoni, ijapokuwa wakati mwingine twaona kazi zake zafanana.) Katika maeneo haya ruhusa hutakiwa kwa nyumba mpya, kwa kuongeza chumba au ghorofa, kwa kubomoa, kwa ukuta wa uwanja unaopakana na njia, kwa karo la choo, na kwa kugeuza matumizi ya nyumba, kama mtu kufungua kinu cha unga au karakana katika chumba cha mbele. Jambo hili la mwisho husahauliwa sana. Mtu hajaongeza hata tofali moja, basi hudhani hana la kuuliza. Lakini kinu kina mtikisiko na kelele na vumbi, na majirani wana haki ya kusikilizwa kabla na si baada.

Na lini haitakiwi? Kwa kawaida mtu hahitaji ruhusa kupaka rangi ndani, kukaza bawaba za mlango, kubadili bati mbili tatu zilizotoboka kwa bati za namna ile ile, kuziba mahali lipu ilipobanduka ndani, kusafisha mlizamu, au kutengeneza bomba lake la maji lililo ndani ya nyumba. Haya ni matunzo. Mpaka kati ya matunzo na ujenzi ni huu: je, kazi hii yabadili umbo la nyumba, au uzito wake, au matumizi yake, au sura yake kutoka njiani, au yamgusa jirani? Ikiwa hata moja ni ndiyo, uliza. Na kama nyumba iko Mji Mkongwe, uliza hata kama yote ni hapana. Kuuliza hakuna ada.

Sasa kuna jambo ambalo twaona kuwa lawahusu wanachama wetu kuliko watu wengine wote, nalo ni mji kuja shamba. Zamani mtu akijenga banda shambani, au sakafu ya kuanikia karafuu, hakuna aliyemwuliza, na hata leo sakafu ya kuanikia iliyo katikati ya shamba si jambo la baraza la mji. Lakini miji imekua. Mashamba ambayo babu zetu walitembea saa nzima kuyafikia kutoka Chake au Wete sasa yana taa za barabarani pembeni mwake. Mwanachama hulala akiwa mkulima, akaamka shamba lake limo ndani ya mpaka wa mji, na asijue mpaka siku atakapoweka msingi. Kabla ya kujenga nyumba shambani, mwulize sheha wako mpaka wa mji umefika wapi. Jambo hili lataka dakika tano tu.

Wengine wana mashamba ya eka tatu, yaliyogawiwa wananchi kuanzia mwaka 1965. Mashamba haya yalitolewa kwa kulimwa. Hayakutolewa ili yakatwe viwanja. Tumewaona watu wakija na fedha mkononi, wakimwambia mkulima, "Niuzie kipande kidogo tu pale karibu na barabara." Mkulima huuza kwa karatasi ya mkono na mashahidi wawili, mnunuzi hujenga, na baada ya miaka michache wote wawili huwa mashakani: muuzaji kwa kuuza asichokuwa na idhini ya kukiuza, na mnunuzi kwa kujenga asipokuwa na hati. Baraza haliwezi kutoa ruhusa ya kujenga mahali ambapo mwombaji hana haki inayotambuliwa. Twasema wazi kuwa katika mambo yote tuliyoyataja hapa, hili ndilo lililowapotezea wanachama wetu fedha nyingi zaidi.

Tena kuna mkarafuu wenyewe. Mtu akitaka kusafisha mahali pa nyumba shambani, na pana mikarafuu, asiikate kwa kuwa amepata ruhusa ya nyumba. Ukataji wa mkarafuu una ruhusa yake mbali, hata kama mti umezeeka au umekauka upande mmoja. Ruhusa hizi mbili hutoka ofisi mbili, wala moja haitoshi kwa nyingine. Na ikiwa mikarafuu ni ya Serikali, nawe umekodishwa kuichuma tu, basi huna mti wa kuukata hata kidogo. Kwa maoni yetu mwenye nafasi na aisogeze nyumba hatua ishirini, auache mti. Sote twajua ni miaka mingapi mkarafuu hutaka kabla haujatoa mzigo wa maana, na nyumba haichumwi.

Njia ya kuomba haina ugumu mkubwa, ila yataka subira na karatasi. Anza kwa sheha wa mtaa, akupe barua ya kukutambulisha na kueleza kuwa hakuna mgogoro juu ya mahali pale. Kisha uwe na hati ya haki yako: hati ya matumizi ya ardhi, au hati ya mauzo iliyopita mahali panapostahiki, au waraka wa mirathi. Halafu ramani ya nyumba iliyochorwa na mtu mwenye ujuzi na idhini ya kazi hiyo, ikionyesha nyumba yenyewe, mipaka yake, njia iliyo karibu, nyumba za jirani, na mahali pa choo na karo. Ramani iliyochorwa nyuma ya kalenda na fundi wako hairuhusiwi, japo fundi ni hodari. Peleka nakala, ubaki na asili, na kila fedha utakayolipa udai stakabadhi. Mkaguzi atakuja kutazama mahali penyewe, nawe uwepo siku hiyo.

Jawabu likija, lisome lote. Mara nyingi huwa na masharti: urefu wa nyumba, umbali wa ukuta kutoka njiani, namna ya paa, na muda wa kuanza kazi. Ruhusa si ya milele. Mtu akiiweka kabatini miaka mingi akisubiri msimu mzuri, asidhani ingali hai. Aende akaiulize kwanza. Na ukibadili shauri katikati ya kazi, ukataka vyumba vinne badala ya viwili, rudi ukaombe tena, maana ruhusa ni ya ile ramani iliyopigwa muhuri tu. Nakala ya ruhusa ikae pale kazini, fundi mkuu ajue ilipo.

Kuna aina tatu za nyumba ambazo mkaaji huweza kudhani ni mwenye nyumba kumbe siye. Ya kwanza ni nyumba ya wakfu, ambayo lazima kuanzia Kamisheni ya Wakfu. Ya pili ni nyumba ya Serikali, hasa zile za Mji Mkongwe zilizochukuliwa baada ya 1964. Hata kama familia yako imekaa humo miaka hamsini na mmeitengeneza kwa fedha zenu, mwombaji si wewe peke yako. Ya tatu, na ndiyo iliyo karibu zaidi na wanachama wetu, ni nyumba ya mirathi isiyogawanywa. Warithi wote ni wenye nyumba, pamoja na dada aliyeolewa Mombasa na kaka aliye Muscat. Mmoja akiomba ruhusa kwa jina lake bila ya wenzake, hata akipewa, mwingine aweza kuja kuipinga na kazi ikasimama. Wale ndugu watatu wa mwenzetu tuliyemtaja hapo juu hawakuulizwa. Ndiyo sababu, ghorofa ilipobomolewa, hakuna aliyekubali kuchangia hasara hata senti.

Ukipata barua ya kusimamisha ujenzi, simamisha siku ile ile. Tumewaona watu wakifanya kazi usiku kwa taa ili wamalize kabla mkaguzi hajarudi. Hilo huongeza hasara, kwa kuwa kila tofali jipya ni tofali la kubomoa. Peleka majibu kwa maandishi, weka nakala, na kama waona umeonewa una haki ya kukata rufaa. Barua yenyewe hueleza mahali pa kuipeleka na siku ulizopewa. Siku hizo zikipita, rufaa nayo hupita.

Chama hakitoi ruhusa za kujenga, wala hakina uwezo wa kumsemea mtu aliyekwisha kuvunja sheria. Tunachoweza ni kuzitazama karatasi zako kabla hujazipeleka, na kukwambia kilichopungua. Mwanachama atakaye msaada huu na aje na hati yake, barua ya sheha, na majina ya warithi wote ikiwa nyumba ni ya mirathi. Mwenzetu wa Mji Mkongwe amekwisha kuomba upya, safari hii akiwa na sahihi za ndugu zake wote watatu. Hataki tena chumba cha juu. Ameomba kubadili boriti zilizooza na kupiga lipu ya chokaa upande wa mtaani, na chokaa yake ameiroweka shimoni tangu mwezi uliopita.